Kati ya Dozi ya Tatu na ya Nne: Chanjo ya Malaria Inaweza Kubadili Nini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na watumishi wa afya ya jamii. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi na waganga wenzangu, na ninyi vijana mliotoka nchi mbalimbali kuja kusomea afya ya jamii: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kabla sijaanza, naomba mnyooshe mikono. Nani humu ndani hajawahi kuugua malaria hata mara moja? Naona mikono michache pale mbele. Hongereni, na mwendelee hivyo hivyo.

Sisi wengine tunaujua ugonjwa huu kwa mifupa yetu, na ndiyo maana tumeuzoea. Kuuzoea ni hatari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 282 waliugua malaria na 610,000 wakafa. Asilimia 95 ya vifo hivyo ni vya Afrika, na katika kila watu wanne waliokufa barani, watatu hivi walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Ingekuwa ndege inaanguka kila siku imejaa watoto, je, tungezoea? Lakini homa tumeizoea. Tunasema "ni malaria tu". Hiyo "tu" imezika watoto wengi.

Leo nina neno moja la kuwaambia, nalo nitalizunguka kwa visa kadhaa. Chanjo za malaria tulizonazo zina mapungufu. Haziwezi kuzuia kila homa, na kinga yake hupungua. Pamoja na mapungufu hayo, zinaweza kuokoa watoto kwa maelfu kila mwaka, mradi mtoto apate dozi zote nne. Ugumu wote, ndugu zangu, uko kati ya dozi ya tatu na ya nne.

Nianze na kijiji kimoja, Idete, karibu na Ifakara, kusini mwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifika pale watafiti wakiongozwa na daktari Mhispania, Pedro Alonso. Walikuwa na chanjo iitwayo SPf66, kazi ya mwanasayansi wa Kolombia, Manuel Elkin Patarroyo. Dunia ilikuwa na hamu nayo kwelikweli. Patarroyo alikuwa ameitoa haki yake ya ugunduzi kwa Shirika la Afya Duniani, bure. Watoto wa Idete wakachanjwa, matokeo yakatangazwa mwaka 1994: imepunguza homa za malaria kwa asilimia 31. Watu wakashangilia.

Halafu ikajaribiwa kwa watoto wachanga Gambia. Haikukinga. Ikajaribiwa Thailand. Haikukinga. Basi, SPf66 ikaishia hapo.

Wengine wangekata tamaa. Alonso akaenda Manhiça, Msumbiji, akaanza upya na chanjo nyingine, RTS,S, akaijaribu kwa watoto zaidi ya 2,000. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba inapunguza homa za malaria kwa asilimia 30 hivi, na malaria kali kwa zaidi ya nusu katika miezi ile sita ya kwanza. Na tarehe 6 Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kwa mara ya kwanza chanjo ya malaria kwa watoto, mkuu wa programu ya malaria ya shirika hilo alikuwa nani? Pedro Alonso yule yule. Kutoka Idete hadi siku ile, karibu miaka thelathini.

Mnisamehe nikichomekea jambo hapa. Chanjo ya Uviko ilipatikana ndani ya mwaka mmoja. RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1987. Kimelea cha malaria ni kigumu kuliko kirusi, hilo ni kweli, na nitalieleza. Lakini msiniambie ni ugumu tu. Ugonjwa unaoua watoto wa maskini hauna soko, na pale pasipo na soko maabara hazikeshi taa zikiwaka.

Sasa huo ugumu wenyewe. Mbu jike akikuuma anakuachia vimelea vichache, pengine makumi tu. Ndani ya muda usiofika saa moja vinakuwa vimeshaingia kwenye ini. Huko kila kimoja kinazaa maelfu, na baada ya kama wiki moja vinamwagika kwenye damu, vinavamia chembe nyekundu, homa inaanza. Chanjo hizi mbili tulizonazo, RTS,S na R21, zinafundisha mwili kulitambua ganda la kimelea kikiwa bado njiani kuelekea kwenye ini. Yaani ni mlinzi wa getini mwenye dakika chache za kukagua kila anayepita. Akimkosa mmoja tu, huyo mmoja anaingia ndani na kuzaa maelfu, na hao maelfu wamevaa nguo nyingine ambayo mlinzi hakuonyeshwa.

Ndiyo maana kinga inabidi iwe kali sana, na ndiyo maana inavuja. Mwaka 1997 walichapisha jaribio lililofanyika Marekani: watu saba waliochanjwa RTS,S wakaumwa kwa makusudi na mbu wenye vimelea. Sita hawakuugua. Sita kati ya saba! Lakini wale walikuwa watu wazima, walioumwa mara moja, wakiwa chini ya uangalizi. Mtoto wa pembezoni mwa ziwa anaumwa leo, anaumwa kesho, anaumwa mwaka mzima. Kinga ya maabara na kinga ya kitandani kwake ni vitu viwili.

Jaribio kubwa la RTS,S lilianza mwaka 2009, likachukua watoto 15,459 katika nchi saba: Burkina Faso, Gabon, Ghana, Kenya, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Bagamoyo walikuwemo, Korogwe walikuwemo, Kilifi walikuwemo. Watoto waliopewa dozi nne wakianza wakiwa na miezi 5 hadi 17 walipata malaria pungufu kwa asilimia 36 katika kipindi cha miaka minne.

Asilimia 36. Nilipoisoma mara ya kwanza, mwenzangu mmoja ofisini aliguna. "Chanjo ya surua ingekuwa hivi tungeitupa." Wengi bado wanaguna. Basi naomba tuitazame hesabu hiyo kutoka upande wa pili.

Mtoto wa sehemu yenye malaria nyingi haugui mara moja na kumaliza. Anaugua Machi, anapona, anaugua Juni, anapona, anaugua tena mvua za vuli. Jaribio lile lile lilihesabu kwamba kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi zote nne, matukio 1,774 ya malaria yalizuiwa ndani ya miaka minne. Umesikia vizuri: watoto elfu moja, homa zaidi ya elfu moja mia saba. Je, ni chanjo gani nyingine unayoijua ambayo mtoto mmoja akichanjwa, kwa wastani homa zaidi ya moja inaondoka? Ukubwa wa janga ndio unaoifanya sehemu ndogo ya janga hilo kuwa kitu kikubwa.

Mliowahi kufanya kazi wodi ya watoto msimu wa mvua mnajua ninachosema. Watoto wawili kitanda kimoja, mara nyingine watatu. Unamfungua mtoto kiganja, cheupe kama karatasi. Unavuta kope ya chini, nyeupe. Anahema kwa mbavu. Maabara wanakuambia damu ya kundi lake imekwisha tangu asubuhi, baba anatumwa akatafute ndugu wa kutoa damu, na mama amekaa pale anahesabu pumzi za mtoto pamoja na wewe. Muuguzi anatafuta mshipa kichwani kwa sababu mkononi haupatikani. Na foleni mlangoni haijapungua. Katika wodi ya namna hiyo, kitanda kimoja kilichobaki wazi kinamsaidia hata mtoto aliyekuja na nimonia, ambaye hana malaria kabisa. Chupa moja ya damu iliyobaki kwenye jokofu ni ya mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Faida hizo haziandikwi kwenye jedwali la chanjo, lakini zipo.

Tena kuna jambo la dawa. Usugu wa vimelea kwa artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto tunazotibia malaria, umethibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na Tanzania. Dawa mseto bado zinatibu, tusitishane. Lakini kila homa isiyotokea ni dozi ya dawa ambayo haikuhitajika, na kimelea kinachokutana na dawa mara chache hakipati nafasi nyingi za kujifunza kuishinda.

Tuje kwenye yaliyotokea nje ya majaribio, maana huko ndiko mambo huharibika. Mwaka 2019 nchi tatu, Malawi, Ghana na Kenya, zilianza kutoa RTS,S kwenye kliniki zao za kawaida za watoto. Kenya ilianzia Homa Bay mwezi Septemba. Mnajua kwa nini ilianza kama majaribio ya utoaji badala ya kusambazwa moja kwa moja? Kwa sababu jaribio kubwa lilikuwa limeacha maswali. Walioonekana na homa ya uti wa mgongo walikuwa wengi zaidi upande wa waliochanjwa. Malaria ya ubongo vilevile. Na vifo vya watoto wa kike vilionekana kuzidi. Ilikuwa bahati mbaya ya hesabu, au ni chanjo? Hakuna aliyeweza kuapa.

Hili nalisema waziwazi kwa sababu mtaulizwa. Mama atakuja na kadi ya kliniki mkononi aseme, "Sista, nimesikia inaua watoto wa kike." Usimcheke na usimkaripie. Mwambie ukweli: swali hilo liliulizwa na wanasayansi wenyewe, wakalichukulia kwa uzito, wakafuatilia watoto wa nchi tatu kwa karibu miaka minne, na yale yote matatu hayakuonekana tena. Mama anayejibiwa hivyo hurudi. Anayekaripiwa harudi, na jirani yake naye harudi.

Na walipofuatilia walipata nini? Vifo vya watoto wa umri wa chanjo, vya sababu yoyote ile isipokuwa ajali, vilipungua kwa asilimia 13 katika maeneo yaliyopewa chanjo. Ngoja nirudie kwa sababu watu huisoma haraka. Vya sababu yoyote, na si vya malaria peke yake. Na katika maeneo hayo kulikuwa na watoto wengi ambao hawakuchanjwa kabisa, na wengine walioishia dozi ya pili au ya tatu. Hao wote wamo kwenye hesabu, na bado ikatoka 13. Malaria kali iliyolazwa hospitali ilipungua kwa asilimia 22. Vilevile kina mama hawakuacha vyandarua kwa kudhani sindano imemaliza kazi, jambo ambalo wataalamu wengi walilihofia. Mimi sikushangaa. Nani alisema mama hawezi kuelewa kwamba kinga mbili ni bora kuliko moja?

Baada ya hapo milango ikafunguka. Cameroon ilianza Januari 2024, ya kwanza kuiingiza kwenye chanjo za kawaida baada ya zile tatu. Chanjo ya pili, R21, ilipendekezwa Oktoba 2023. Ni kazi ya Chuo Kikuu cha Oxford na Serum Institute ya India, na sehemu kubwa ya ushahidi wake wa mwanzo ilitoka Nanoro, Burkina Faso, kwa timu ya Profesa Halidou Tinto. Ndugu wanafunzi, likumbukeni jina la Nanoro. Mji mdogo wa mashambani umetoa ushahidi uliobadili sera za dunia nzima. Mtu asikuambie sayansi kubwa inafanyika ng'ambo peke yake.

R21 ilileta kitu ambacho RTS,S haikuwa nacho: wingi. Mwaka 2023 nchi zilikuwa zinagawana dozi milioni 18 tu za RTS,S kwa miaka mitatu, nchi 12, na nyingine zikaambiwa zisubiri. Leo tatizo la kiwanda limepungua. Bei nayo inashuka. Novemba 2025 Gavi, mfuko wa kimataifa unaozisaidia nchi maskini kupata chanjo, na UNICEF walitangaza makubaliano ya kuifikisha R21 dola 2.99 kwa dozi. Zaidi ya nchi ishirini za Afrika sasa zinachanja.

Basi tatizo limekwisha? Hapana. Sasa ndiyo tunafika kwenye kiini cha maneno yangu.

Twendeni Kilifi. Watafiti wa pale waliwafuatilia kwa miaka saba watoto waliopata dozi tatu za RTS,S katika jaribio la awali. Dozi tatu, bila ya nne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na hayakuwa matamu. Mwaka wa kwanza kinga ilikuwa nzuri. Ikashuka. Ukijumlisha miaka yote saba, ulinzi dhidi ya homa za malaria ulibaki asilimia 4.4. Na kwa watoto wanaoumwa sana na mbu, mwaka wa tano waliochanjwa waliugua zaidi kuliko wenzao. Kwa nini? Inaelekea wale ambao hawakuchanjwa walishaugua mara nyingi na kujijengea kinga yao ya asili, kwa gharama tunayoijua, na waliochanjwa walichelewa kuijenga.

Je, hiyo ni sababu ya kuiacha chanjo? Mimi nasema hapana. Malaria inaua zaidi katika miaka ile ya mwanzo, na ukimvusha mtoto miaka hiyo umemvusha mto mkubwa. Ufuatiliaji mwingine wa miaka saba, Korogwe, Nanoro na Kombewa ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2019, haukuona malaria kali ikirudi kwa kishindo kwa waliochanjwa. Lakini Kilifi inatuambia kwamba dozi ya nne si ya kupamba kadi.

Sasa niambieni ninyi mnaofanya kliniki. Dozi tatu za kwanza mama anazipata vizuri, mtoto bado mdogo, anakwenda kupimwa uzito kila mwezi. Ya tatu katika nchi nyingi inaangukia miezi tisa, pamoja na surua. Ya nne ilipangwa miaka miwili. Mtoto wa miaka miwili ana nini kliniki? Anatembea, anakula ugali, mama pengine ana mimba nyingine au yuko shambani, kadi imeloa mvua au imeliwa na panya. Hana sababu ya kuja. Na haji. Katika nchi zote tatu za mwanzo, dozi ya nne ndiyo iliyopungua watu kuliko zote.

Ghana wakafanya jambo jepesi nililolipenda sana. Wakaisogeza dozi ya nne kutoka miezi 24 hadi miezi 18, siku ambayo mtoto anakuja kwa chanjo nyingine. Hakukuhitajika jokofu jipya wala gari jipya. Walibadilisha ratiba.

Burkina Faso na Mali nako kuna funzo. Huko malaria hulipuka msimu wa mvua, miezi michache. Watafiti wakawachanja watoto kabla ya mvua, kisha wakawapa na zile dawa za kinga za kila mwezi wakati wa msimu. Wakilinganishwa na waliopewa dawa peke yake, waliopata vyote viwili walipungukiwa malaria kwa asilimia 63, na vifo vya malaria kwa asilimia 73. Chanjo ile ile inayogunwa, ikapewa kwa wakati wake na ikapewa mwenzi wake, ikafanya hayo.

Na tusidanganyane kwamba mafanikio yakipatikana yanakaa. Sri Lanka mwaka 1963 ilibakiwa na wagonjwa 17 wa malaria nchi nzima. Kumi na saba! Wakaona kazi imekwisha, unyunyiziaji ukalegezwa. Mwaka 1969 wagonjwa walipita nusu milioni. Iliwachukua hadi 2016 kutangazwa nchi isiyo na malaria. Ninakumbusha hili kwa sababu mwaka 2025 Marekani ilitangaza kuacha kuichangia Gavi, na mkutano wa wafadhili kule Brussels uliishia na ahadi za zaidi ya dola bilioni 9 wakati lengo lilikuwa 11.9. Chanjo hii inategemea mfuko huo kuliko tunavyopenda kukiri. Serikali zinazosema malaria ni kipaumbele zionyeshe kwenye bajeti, mstari gani, shilingi ngapi, faranga ngapi. Zisituonyeshe kwenye mabango.

Watu huniuliza pia kama mtalii anaweza kuchanjwa, au mtu mzima. Hapana, imepangwa kwa watoto, na inalenga kimelea kimoja, falsiparamu, ambacho ndicho muuaji wetu mkubwa. Pia haizuii maambukizi kuzunguka kijijini. Asiyechanjwa halindwi na jirani aliyechanjwa. Kwa hiyo chandarua kibaki kitandani, kipimo kibaki mezani, dawa mseto ibaki kabatini.

Sasa, kazi ya nyumbani. Mkirudi vituoni kwenu, fungueni rejista ya chanjo, mtafute watoto waliopata dozi ya tatu na ambao ya nne imefika au imepita. Msisubiri waje. Andikeni majina, jina la mama, kitongoji, namba ya simu kama ipo, na mumkabidhi mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii orodha hiyo kabla mvua hazijaanza. Mkikuta kituo chenu kinatoa dozi ya nne siku ambayo hakuna huduma nyingine yoyote ya mtoto, mwandikieni mganga mkuu wa wilaya, na mtaje kisa cha Ghana.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti ananionyesha saa, lakini ameniruhusu maswali. Naanza na yule dada wa nyuma ambaye mkono wake uko juu tangu nilipotaja Kilifi.